Panya wa Sherehe

Limi Mashauri alikuwa mtu wa kuosha. Pale Mikumi, kwenye mgahawa wake unaotazamana na maegesho ya malori, glasi ilioshwa mara tatu: kwa sabuni, kwa maji baridi, kisha kwa maji yaliyokuwa yakitokota jikoni tangu alfajiri. Madereva wa Tunduma walimtania kwamba siku moja atawaloweka na wao kwenye beseni kabla ya kuwapa sahani. Utani huo ulimpendeza. Aliwahi kumwachisha kazi msichana aliyeonja mchuzi na kurudisha kijiko sufuriani, na mpaka leo hajajuta.

Ungemuuliza tabia hiyo aliitoa wapi, angekujibu: kwa nyoka.

Baba yake, Mzee Mashauri, alikuwa mcheza nyoka. Kwao Bariadi wapo wacheza ngoma waitwao Bayeye, watu wenye dawa za sumu ya nyoka na wanaoingia nao uwanjani wakati wa mashindano baada ya mavuno. Limi alipokuwa na miaka tisa, baba alimvalisha gauni la njano, akamsimamisha katikati ya uwanja na kumzungushia chatu mabegani. Umati ukapiga vigelegele. Chatu naye, sijui ni kelele zile au ni shibe tu, akanya. Kilichomwagika kilikuwa kizito kama chokaa iliyokorogwa, kina nywele za panya ndani yake, kikashuka kutoka kifuani hadi kwenye magoti ya mtoto. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokufa mara mbili. Watu waliangua kicheko, na baba akacheka nao. Shuleni Limi aliitwa Mavi ya Nyoka hadi alipomaliza darasa la saba.

Baadaye familia ilihama na ng'ombe wake, ikaja kukaa kijiji cha Ulaya, wilaya ya Kilosa. Limi akaolewa Mikumi, akazaa mabinti wawili, akafiwa na mume, akafungua mgahawa. Mabinti waliolewa mbali. Kwa miaka thelathini alipokwenda kumsalimia baba yake, alisimama nje ya mlango, akasema shikamoo, na kama chatu wa wakati huo yuko nje ya sanduku lake, alirudi zake bila kunywa hata maji.

Ndipo mzee alipopata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, kaka yake Limi, Boniface, aliyekuwa akiishi na mzee, akapiga simu.

"Dada, mke wangu Devotha ana mimba ya miezi saba. Mzee anataka mtu wa kumgeuza na kumsafisha. Devotha hataweza."

"Mlete," Limi akasema.

"Kuna na yule mwingine."

"Yule mwingine mpelekeni porini. Hapa mbuga si ipo?"

"Nilishamuuliza bwana wanyamapori. Anasema chatu aliyefugwa miaka kumi na moja hatupwi porini kama takataka, na kibali kina jina la mzee. Na mzee mwenyewe anasema hapandi gari bila yeye."

Limi akasikia nyuma ya sauti ya kaka yake sauti nyingine, nzito, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni: "She-he-he. She-he-he."

Sherehe ndilo lilikuwa jina la chatu.

Walifika na pikapu siku ya Jumanne, mzee amefungwa mkanda kiti cha mbele, sanduku nyuma. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo upande mmoja na kufuli. Likawekwa kwenye stoo iliyo mkabala na chumba alicholazwa mzee, ili milango ikiwa wazi aweze kumwona mnyama wake akiwa kitandani. Boniface alimkabidhi dada yake karatasi ya daftari iliyoandikwa na Devotha kwa mwandiko mzuri. Limi aliisoma amesimama, kisha akakaa, akairudia.

Sherehe hakuwa akila panya hai tena. Mwaka uliotangulia, panya aliyewekwa sandukuni mzima alimng'ata karibu na jicho mpaka akatoka donda la usaha, na daktari wa mifugo akapiga marufuku. Panya wa kutegwa majumbani nao hawafai, maana wengi wameshalamba sumu. Kwa hiyo chatu alikula panya weupe waliofugwa kwa ajili hiyo, wakauawa, wakagandishwa. Wakubwa wawili kila baada ya wiki tatu. Wayeyushwe taratibu. Wapashwe joto kwenye maji. Wafutwe. Washikwe na koleo, watikiswe mbele ya pua yake mpaka awadake.

"Watikiswe na nani?" Limi aliuliza.

Boniface alitazama kucha zake.

Panya hao waliuzwa Kilosa mjini na bwana mmoja aitwaye Kasian, mzee mpole aliyewahi kufanya kazi maabara Morogoro. Alivaa koti jeupe lililokuwa na doa mfukoni, na aliwapanga panya wake kwenye mifuko ya nailoni wawili wawili, wamelala ubavu, mikia imekunjwa kwa nidhamu kama kamba za viatu.

"Wasafi kabisa hawa, mama. Wamekula pumba na mahindi tu. Wewe mwenyewe ungeweza—"

"Usimalizie, baba."

Aliwabeba kwenye kindoo chenye mfuniko, na barafu juu. Ndani ya basi la Mikumi mama mmoja aliyekaa naye akaona maji yanatona chini ya kindoo, akauliza kama ni sato, na kama anaweza kumpunguzia wawili. Limi alisema wameshaagizwa. Akageukia dirishani, akasikia mate yakimjaa mdomoni, akayameza, yakajaa tena.

Alinunua friji dogo lililotumika, akaliweka stoo, akalifunga kwa mnyororo. Si kwamba kuna mtu angeliiba. Alitaka kitu chochote kitakachowatenganisha wale na samaki wake.

Mara ya kwanza alivaa glavu mbili kila mkono, akajifunga kitenge puani. Panya walikuwa wamelala kwenye sehemu ya chini ya friji tangu Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya ibada aliwatumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu wakiwa bado ndani ya mfuko wao. Hakujua kwamba kitu kilichoganda hakina harufu kwa sababu harufu yenyewe imeganda. Maji yalipoanza kufanya kazi, stoo ikajaa harufu ya nywele mbichi, mkojo wa zamani, na kitu kitamu kitamu ambacho hakupaswa kukihisi. Manyoya yalilowa mahali mfuko ulipotoboka, yakagawanyika, ngozi ya waridi ikaonekana chini yake. Jicho moja la panya lilikuwa limefunguka. Jino la njano lilitokeza nje ya mdomo.

Akawafuta kwa kitambaa. Mwili ambao jana yake ulikuwa mgumu kama gunzi sasa ulilegea kiganjani, ukapinda, kichwa kikaning'inia upande. Kulegea huko ndiko kulikomshinda. Alikimbilia nje, akashika ukuta, akatapika chai na kitumbua chote cha asubuhi.

Akiwa ameinama, alisikia sauti kutoka chumba cha baba yake. Alidhani mzee anakabwa. Alipoingia alimkuta anacheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu nyingine ilikuwa imetulia tu, udenda ukitiririka shingoni.

"Unacheka, baba?"

"Ko... leo," mzee akasema, akionyesha kwa mkono wa kushoto. "M... kia."

Maana yake amshike panya kwa koleo, mkiani. Limi alichukua koleo la kugeuzia mishkaki, ambalo tangu siku ile halikurudi mgahawani, akafungua kidirisha cha sanduku na kumning'iniza panya. Sherehe hakuonekana kusogea. Ulimi ulitoka, ukarudi, ukatoka. Kisha koleo likavutwa kwa nguvu kiasi kwamba Limi alipiga kelele, na chatu alikuwa tayari amejiviringisha juu ya panya, akikaza, akikinyonga kitu kilichokwisha kufa wiki mbili kabla. Baadaye taya zikaachana. Kichwa cha panya kikaingia, mabega yakaingia, na mwisho ukabaki mkia peke yake, ukining'inia nje ya mdomo kama uzi wa tambi.

Siku hiyo Limi hakula. Jioni alioga mara mbili na kujisugua mikono kwa limau na majivu.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokuwa kwa miezi. Asubuhi alimgeuza baba yake, akamvua kitambaa kilicholowa, akamwosha, akampaka mafuta ya nazi mgongoni ili ngozi isichubuke, akamlisha uji kwa kijiko huku akikinga kwa leso unaorudi. Kisha alikwenda mgahawani. Kila wiki ya tatu, Jumapili, alikuwa na panya. Siku hizo hakugusa sufuria yoyote. Alimwachia kila kitu Lightness, mwanamke mtu mzima aliyekuwa mpishi msaidizi wake. Lightness akaona utaratibu huo ni wa ajabu, akauliza, akaambiwa ukweli, na hakuweza kukaa nao peke yake. Wiki haikuisha dereva mmoja akasogeza sahani pembeni.

"Mama Limi, samahani. Ni kweli una friji la panya?"

"Ni kweli," Limi akasema. "Liko nyumbani kwangu, stoo, limefungwa mnyororo. Ni chakula cha nyoka wa baba yangu, na baba yangu anaumwa. Hapa haingii hata unyoya. Anayeona kinyaa aende, sitamlaumu. Mimi mwenyewe naona."

Watatu waliondoka. Yule dereva alitazama sahani yake kwa muda, akairudisha karibu, akala, lakini samaki wake hakumgeuza upande wa pili.

Kosa kubwa alilifanya mwezi wa Novemba. Jumamosi ile umeme ulikatika mchana kutwa, na uliporudi akaogopa kwamba panya wa friji zima wataoza, akawapandisha wote juu kwenye barafu. Jumapili akachelewa kutoka kanisani. Akawaloweka harakaharaka, akaona manyoya yamelainika, miguu inapinda, akadhani wako tayari. Sherehe aliwadaka wote wawili.

Jumanne Limi aliporudi kutoka kazini, harufu ilimpokea getini. Ilikuwa nzito kiasi cha kuhisika kwenye ulimi. Mle stoo, ndani ya sanduku, chatu alikuwa amejikunja pembeni kabisa, na katikati kulikuwa na vitu viwili virefu, vya kijivu, vilivyolainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Manyoya yalikuwa yametoka mafungu mafungu. Kimoja kilikuwa bado na uso.

Upande wa pili mzee alikuwa analia. Harufu ilikuwa imekaa naye tangu asubuhi, na hakuweza kuamka wala kufunga mlango. Alikuwa amejichafua pia, na akina mama wa jirani waliozoea kumchungulia mchana walifika mlangoni, wakarudi.

"Ba-ra-fu," alisema mzee. Alimtazama binti yake kwa hasira. "Ndani. Ba-ra-fu ndani!"

Limi aliweka mkoba chini. Alizoa vile vitu kwa beleshi la majivu, akavifukia nyuma ya nyumba, shimo la kina cha magoti. Alifuta sanduku. Alirudi kwa baba yake, akamvua, akaanza kumwosha, na harufu ya huku ikakutana na ya kule puani mwake. Alitapika ndani ya beseni lile lile aliloshika. Ndipo maneno yakamtoka.

"Nimechoka na nyinyi wawili! Mnanitia kinyaa! Yeye ananitia kinyaa na wewe unanitia kinyaa, baba. Kila siku natabasamu, kila siku nasema pole baba, na kila siku tumbo linanigeuka. Na hili nitamwambia nani?"

Kitambaa mkononi mwake kilikuwa bado kinatona maji. Binti wa Kisukuma hamwambii baba yake maneno ya namna ile, hata awe na miaka hamsini. Alisubiri laana.

Mzee alisema polepole, akilitafuta kila neno kama mtu anayeokota punje gizani.

"Ha-ta mi-mi. Najionea."

"Unajionea nini?"

"Ki-nyaa."

Limi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuna aliyemshika mwenzake. Kisha alinyanyuka, akamwaga beseni, akachota maji mapya, akamaliza kumwosha. Kuanzia siku hiyo hakumdanganya tena. Kukiwa na harufu, alisema, "Leo umezidi, baba," na mzee alijibu, "Po-le," na nusu ya mdomo ikacheka. Ilikuwa nafuu kubwa kuliko walivyoweza kueleza.

Chatu aliachwa bila chakula mwezi mzima ili tumbo lake lipone, ndivyo daktari wa mifugo alivyoagiza kwa simu. Na mzee akamfundisha binti yake kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya Devotha. Glavu hazijui baridi, alisema. Lazima panya aminywe tumboni kwa kidole gumba, kidole kitupu, kwa nguvu, mpaka usikie kama ndani bado kuna jiwe.

"Sitaweza."

"U-ta-weza."

Aliweza. Alifumba macho, akaweka gumba juu ya tumbo la panya, akabonyeza. Matumbo yaliteleza chini ya ngozi kama shanga ndani ya soksi. Mara moja alibonyeza kupita kiasi, na kitu cha moto na cha njano kikamtoka panya upande wa nyuma, kikamdondokea mguuni. Alipiga mayowe mpaka Mzee Mashauri akakohoa kwa kicheko. Lakini tangu hapo Sherehe hakutapika tena hata mara moja. Limi alijua maji yawe na joto gani bila kupima. Alijua panya akipashwa sana tumbo hupasuka, akipashwa kidogo chatu humpuuza. Alijua kumkausha pua kwanza, kwa sababu chatu hutafuta pua. Yote hayo aliyajua huku mate yakimjaa mdomoni kila safari, ndoo ya kutapikia ikiwa pembeni, na mara nyingi akiitumia.

Mzee alifariki mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, asubuhi Limi alipokuwa akimgeuza. Alizikwa Ulaya. Kutoka Bariadi walikuja watu wanne wa ngoma yake, wakiongozwa na Dotto, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi. Walikuwa wameshapeleka maombi maliasili ili kibali kihamie kwa Dotto. Baada ya arobaini barua ikatoka, na Dotto akaja Mikumi kumchukua chatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Stoo iko huku."

Dotto alifungua sanduku, akamtoa Sherehe kwa mikono miwili, akamzungushia mabegani kama mtu anayejitanda shuka. Limi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Amenona," Dotto alisema kwa mshangao. "Mzee alikuwa amelala, nani kamtunza hivi?"

Limi akasema, "Mna friji?"

Dotto akacheka. "Sisi tunampa kuku, dada. Kuku mzima, anayekimbia. Watu wanapenda kuangalia."

"Hapana."

"Ni chatu tu, dada."

"Dotto, nisikilize. Aking'atwa au akidonolewa jicho, utalitibu wewe? Utampa panya wa kuganda. Panya utamshusha sehemu ya chini ya friji jioni, kesho yake utamtia kwenye maji ya moto kidogo, moto wa maziwa ya mtoto. Utamkausha, uanze na pua. Kisha utamminya tumbo kwa kidole kitupu. Si glavu. Kidole. Ukisikia baridi, rudisha kwenye maji. Nimekwambia mara moja. Rudia."

Mtu mzima wa miaka arobaini na tano, mwenye nyoka shingoni, akasimama stoo na kurudia maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipokosea la pua, Limi alimkatiza, akamwanzisha upya. Kisha akampa kile kindoo chenye mfuniko, panya sita waliobaki, na namba ya simu ya Kasian.

Walipoondoka, alimwaga dawa ya kuulia vijidudu kwenye sakafu ya stoo, akasugua, akamwaga tena. Friji alimpa fundi alivunje kwa ajili ya vipuri, kwa sharti asimwuzie mtu likiwa zima. Yule fundi aliuliza kwa nini, akaambiwa, akavaa glavu.

Wateja walirudi, si wote. Lightness bado yuko. Mwezi uliopita, Limi akiwa anasafisha samaki, simu ilitoa mlio. Dotto alikuwa ametuma picha: Sherehe, taya zimeachana, na nusu ya panya mweupe iko nje. Limi aliitupa simu mezani kama imemchoma. Akaenda mlangoni, akavuta hewa, akatema mate. Aliporudi akafuta picha, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaandika kwa kidole kimoja: "Usinitumie tena picha kama hizi." Akatuma. Akasimama kidogo, akaandika tena: "Huyo panya amelowa shingoni. Hukumkausha."